Hotuba juu ya Baisikeli Mpya: Kuiweka Tayari, Kuipanda na Kuitunza

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tanga)



 Halmashauri ilitutaka tuseme juu ya baisikeli, nasi hatukusita, kwa sababu wanachama wetu wengi wamenunua baisikeli mpya kwa fedha za akiba, na wengine wamo katika kuweka akiba hiyo. Jambo hilo ni la kufurahisha. Mtu anayekaa Pongwe na kazi yake i mjini hangoji tena hisani ya mwenye gari. Mwalimu, mganga, tarishi na karani, kila mmoja amepata miguu ya pili, nayo haidai posho.

Walakini furaha hii isitufumbe macho. Mara kadha tumekwenda kuwatazama wenzetu waliolazwa kwa kuanguka, na kila mara kando ya kitanda tumesikia maneno yale yale: Ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya wazee wetu, nasi hatuibishi, maana yako mambo yampatayo mtu ambayo hakuna awezaye kuyaona kabla. Lakini twaomba ruhusa ya kuuliza: Je, nati isiyokazwa ni ajali? Taa isiyowashwa ni ajali? Breki iliyolika hata chuma kikasugua chuma, nayo ni ajali? Twaona kwamba mambo hayo yana kinga, na kinga yake ni spana, kitambaa, mafuta kidogo, na akili iliyotulia. Hiyo ndiyo maana ya hotuba yetu.

ASILI YAKE

Yafaa kwanza tujue chombo hiki kilikotoka. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hakikuwa na pedali wala mnyororo. Mpandaji alikisukuma kwa kupiga nyayo chini. Baadaye zilitokea baisikeli zenye gurudumu la mbele kubwa mno na la nyuma dogo, na mpandaji alikaa juu kama aliyepanda ukuta. Gurudumu lile likigonga jiwe, mtu alitupwa mbele kwa kichwa. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baisikeli yake aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya mpira wake wenye kujazwa upepo. Basi baisikeli tunazopanda leo, ijapokuwa zimetoka Uingereza, India au China, ni watoto wa mambo hayo mawili: mnyororo wa nyuma, na upepo ndani ya mpira.

Twayataja haya kwa sababu moja. Baisikeli ya namna ya Starley iliitwa kwa Kiingereza baisikeli ya salama. Salama ndilo jina lake la ubatizo. Anayeipanda bila kujali salama amelipotosha jina hilo.

KUICHAGUA DUKANI

Mnunuzi mpya aghalabu huvutwa na mapambo: rangi inayong'aa, kengele yenye sauti ya kupendeza, na maua ya plastiki usukanini. Hayo hayana ubaya, ila yaje mwisho. Jambo la kwanza ni kipimo. Fremu za baisikeli zetu nzito za siku zote ni za inchi 22 au 24. Simama juu ya fremu, mguu huku na mguu huku, nyayo zote mbili chini. Kati yako na bomba la juu pabaki nafasi ya inchi 1 au zaidi. Kama bomba lakugusa, baisikeli hiyo ni kubwa kwako, na siku utakapolazimika kuruka chini kwa ghafula utajuta. Usimsikilize mwuzaji akuambiaye kwamba utazoea. Mwili hauongezeki urefu kwa kuzoea.

Kwa mabibi, na kwa wanaume wavaao kanzu, iko fremu isiyo na bomba la juu. Itakuwa vema ikiwa na kifuniko cha mnyororo, pamoja na wavu au kinga ya kuzuia nguo isiingie katika spoki za nyuma. Khanga au kanzu ikishikwa na spoki huvuta mtu chini kabla hajajua kilichomshika.

Kabla ya kutoka dukani, dai stakabadhi, kisha tafuta namba iliyopigwa muhuri katika chuma cha fremu, aghalabu chini ya kiti au chini ya mahali penye pedali. Iandike katika daftari yako. Baisikeli ikiibwa, askari hatakuuliza rangi yake, kwa kuwa rangi hubadilishwa usiku mmoja. Atakuuliza namba.

KUIWEKA TAYARI

Watu wengi hudhani kwamba baisikeli mpya ni baisikeli iliyo tayari. Sivyo. Baisikeli nyingi hufika madukani zimefungwa vipande vipande, na mtu wa dukani huziunganisha upesi upesi ili ziuzwe. Kwa hiyo baisikeli mpya ni ya kuogopwa kuliko ya zamani iliyotunzwa, mpaka mwenyewe au fundi wake awe ameipitia yote. Nasi twaishauri njia hii, kutoka mbele kwenda nyuma, ili pasiachwe kitu.

Anza na gurudumu la mbele. Nati zake mbili zikazwe kwa spana, wala si kwa vidole. Inua baisikeli, lizungushe gurudumu, na utazame kama lapita katikati ya uma bila kuyumba. Likiachwa lisimame lenyewe, sehemu nzito ya mahali pa kujazia upepo yapaswa kushuka chini polepole. Hiyo ni dalili kwamba gololi za ndani hazikubanwa mno. Kisha ulishike ukingo wake ulitikise kulia na kushoto. Likigongagonga, koni zake zimelegea.

Usukani una bomba linaloingia ndani ya fremu, nalo limeshikwa na bolti ndefu ya juu. Ukitaka kuupandisha au kuushusha, legeza bolti hiyo mizunguko michache, weka kipande cha ubao juu yake, gonga kidogo kwa nyundo, nao utalegea. Usiupandishe hata bomba likabaki ndani chini ya inchi 2 na nusu. Kama limetiwa alama ya mwisho, alama hiyo isionekane. Ukiisha kuukaza, simama mbele ya baisikeli, bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako, na uujaribu kuupinda usukani. Ukigeuka peke yake, kaza tena. Halafu funga breki ya mbele, na uisukume baisikeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongo mdogo chini ya usukani, gololi za kichwa zimelegea, zikazwe. Lakini zisikazwe hata usukani ukawa mgumu kugeuka.

Kiti kipimwe kwa kisigino. Kaa juu yake huku mwenzako ameishika baisikeli, ushushe pedali mpaka chini kabisa, na uweke kisigino juu yake. Mguu uwe umenyooka. Hapo utakapokanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, kama ipasavyo, goti litapinda kidogo, na hicho ndicho kipimo cha kutochoka. Wengi hushusha kiti hata nyayo zote mbili zikae chini, wakaendesha kwa magoti yaliyokunjwa kama mtu aliyechuchumaa. Kisha hulaumu baisikeli kwa maumivu ya magoti. Anayejifunza na akishushe kwa siku za kwanza, ila akipandishe kwa kadiri azoeavyo. Bomba la kiti nalo libaki ndani ya fremu inchi 2 na nusu au zaidi, na uso wa kiti ulale sawa.

Pedali zina siri yake. Ya kulia hukazwa kama skurubu zote, lakini ya kushoto hukazwa kwa kugeuza kinyume. Zimepigwa herufi, R ya kulia na L ya kushoto. Mtu asiyejua jambo hili huilazimisha ya kushoto katika tundu la kulia, na kwa dakika moja amekwisha kuharibu meno ya chuma yasiyotengenezeka kwa urahisi. Mikono ya pedali katika baisikeli nyingi za namna ya zamani imeshikwa na pini zilizochongwa upande mmoja, ambazo mafundi huziita kota. Pini hizo hugongwa ziingie vema, chuma kizito kikiwa kimewekwa chini ya mkono kuupokea mshindo, kisha nati yake hukazwa. Nati peke yake haiwezi kuivuta pini mpaka mahali pake. Zikiisha kuingia, mikono miwili isimame katika mstari mmoja ulionyoka.

Mnyororo usibane wala usining'inie. Usukume kwa kidole katikati, kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Upande na kushuka kiasi cha nusu inchi. Fanya hivyo huku ukizungusha pedali kidogo kidogo, kwa maana meno ya mbele aghalabu hayakuwa duara kamili, na mnyororo uliolegea hapa huenda ukabana pale. Kiungo chake chenye kibanio kitazamwe: upande uliozibwa wa kibanio uelekee mnyororo uendako, na upande uliopasuka ubaki nyuma. Kikiwekwa kinyume, hufunguka kikipata cha kukigusa.

Mwisho ni breki, na kwa hizo tusiwe na haraka. Katika baisikeli zenye breki za fito za chuma, mipira ya breki hubana ndani ya ukingo wa gurudumu, kuelekea nje. Katika zile za waya, hubana ubavuni mwa ukingo. Namna zote mbili, mpira wa breki uguse chuma cha ukingo peke yake, usiguse mpira wa gurudumu hata kidogo, wala spoki. Nafasi kati yake na ukingo iwe kama unene wa sarafu mbili. Ukibana mkono wa breki, usifike kugusa usukani; ukifika, breki hiyo ni jina tu.

SIKU ZA KWANZA

Baisikeli iliyokazwa leo haikukazwa kwa milele. Katika majuma mawili ya kwanza spoki hujipanga katika matundu yake, pini za pedali hukaa mahali pake, waya za breki hunyoka, na mnyororo hulegea kidogo. Kwa hiyo nati zote zipitiwe tena baada ya siku chache, na mara ya pili baada ya majuma mawili.

Twamjua mtumishi mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja, aliyetoka na baisikeli mpya katika duka fulani akapanda siku ile ile kwenda kwao. Alikwenda salama siku 6. Siku ya 7, alipokuwa akivuka tuta dogo, gurudumu la mbele liliruka, uma ukabaki bila gurudumu, naye akauangukia usukani. Alipoteza meno mawili na mfupa wa bega ukavunjika. Nati moja ilikutwa imelegea katika mhimili wake. Ya pili haikuonekana kabisa. Alikuwa mtu mwangalifu, aandikaye kwa mwandiko mzuri na kuhesabu mara mbili kila hesabu. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kitu kipya nacho chataka kuhesabiwa mara mbili. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya watu kama yeye, twalisema leo mbele ya wote.

MWENDO BARABARANI

Katika nchi yetu twashika upande wa kushoto. Mwenye baisikeli asishike ukingo kabisa hata akaangukia mtaroni, wala asijitawale katikati. Ashike njia moja iliyonyoka, ili anayekuja nyuma ajue atakapokuwa. Kuyumbayumba kukwepa mashimo madogo ni hatari kuliko mashimo yenyewe. Akitaka kugeuka kulia, atazame nyuma kwanza, kisha anyoshe mkono, kisha atazame tena, ndipo ageuke. Wapo wanyoshao mkono na kugeuka kwa wakati mmoja, wakidhani mkono ni ukuta. Mkono ni ombi tu, na mwenye gari aweza kuwa hakulisikia.

Tuhesabu kidogo, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yetu. Baisikeli iendayo kilometa 15 kwa saa hupita meta 4 na zaidi kwa kila nukta moja. Mtu aonaye mtoto akikimbilia barabarani hupoteza kadiri ya nukta moja kabla mkono wake haujabana breki. Basi meta 4 zimekwisha kupita bure, kabla baisikeli haijaanza kupunguza mwendo. Katika mteremko, mwendo ukiwa kilometa 30, meta zipoteazo bure ni 8. Na nafasi itakiwayo kwa breki yenyewe haizidi mara mbili, bali yazidi mara nne. Ndiyo maana ateremkaye kutoka Amani kwenda Muheza hana budi kuupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Breki zote mbili zitumiwe pamoja. Wako waogopao breki ya mbele wasiiguse. Hofu hiyo yatokana na kuibana kwa ghafula. Baisikeli ipunguzapo mwendo, uzito huenda mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu zaidi ya kusimamisha, na la nyuma huteleza upesi. Anza kwa ya nyuma, fuatisha ya mbele polepole, ukisukuma mwili wako nyuma kidogo. Katika mchanga na katika kona usiibane ya mbele. Tena kumbuka kwamba ukingo wa chuma ulioloa maji haushikwi vema na mpira. Mvua ikinyesha, nafasi ya kusimamia huongezeka sana, basi mwendo upungue, na breki ibanwe kidogo kidogo mapema ili maji yafutike.

Mahali palipo na reli, kama katika njia ile itokayo Tanga kwenda Moshi, livukwe kwa kulikata moja kwa moja, si kwa mshazari. Gurudumu likiingia katika ufa wa kando ya chuma, usukani hauna amri tena. Ukiona shaka, shuka ukokote. Kukokota si aibu.

Usiku uwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Wengine husema, "Sisi twaijua njia, mbalamwezi yatutosha." Taa haikuwekwa ili wewe uone tu, iliwekwa ili uonekane. Mwenye taa ya dinamo ajue kwamba nyingi huzimika baisikeli isimamapo; kwa hiyo asisimame barabarani, bali kando. Shati jeupe nalo ni taa ya maskini. Na awezaye kununua kofia ngumu ya kuvaa kichwani asiicheke, kwa maana mkono uliovunjika huungwa, lakini kichwa hakina kiraka.

Juu ya mizigo, twasema maneno mawili. Mzigo ufungwe nyuma, chini na kwa kubana, na ncha za kamba zisining'inie karibu na spoki. Ndoo au mfuko usitundikwe usukanini, kwa sababu hubembea na kuugeuza usukani usipotaka. Neno la pili ni watoto. Mtoto akaaye nyuma bila mahali pa kuweka miguu huiachia ikaning'inia, na kisigino huingia katika spoki. Jeraha hilo waganga walijua sana. Mpatie mahali pa kukanyaga, na spoki zifunikwe. Kama huwezi, mtoto na atembee nawe mkikokota.

KUITUNZA

Mji wetu u kando ya bahari, nao upepo wa bahari una chumvi. Baisikeli iliyolala nje usiku mmoja wa umande huanza kutu mahali penye mikwaruzo. Basi ilale ndani. Ikiloa maji ya bahari, ioshwe kwa maji matamu siku ile ile, ikaushwe kwa kitambaa, na vyuma vyake vipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ila ukingo wa gurudumu na mipira ya breki visiguswe kabisa na mafuta.

Kila asubuhi, kabla ya kupanda, fanya mambo matatu yasiyomaliza dakika moja: bonyeza mipira yote miwili, bana breki zote mbili, na uiinue baisikeli kidogo uiangushe chini. Kitu kilicholegea kitapiga kelele. Yasikilize maneno yake.

Kila juma, jaza upepo mpaka kiasi kilichopigwa muhuri ubavuni mwa mpira. Mpira uliolegea ni mzito, hupasuka ubavuni, na hubanwa kati ya jiwe na ukingo hata mpira wa ndani ukatoboka matundu mawili sambamba. Pangusa mnyororo, uutie tone moja katika kila kiungo, na ufute mafuta yaliyobaki nje, kwa sababu mafuta ya nje hukamata mchanga, na mchanga wenye mafuta hula chuma kama tupa. Mafuta mepesi ya cherehani yafaa. Mafuta ya nazi hayafai. Twajua yapo katika kila jiko la Tanga, lakini si ya kazi hii. Mafuta ya taa ni ya kuoshea mnyororo mchafu, si ya kuulainisha. Ukiisha kuuosha, acha ukauke, kisha utie mafuta yenyewe. Wala usimimine mafuta ya taa katika vitovu vya magurudumu, maana yataondoa grisi yote iliyomo.

Kila mwezi, pitia nati zote. Gusa spoki moja moja. Iliyolegea hulia tofauti na wenzake. Baisikeli nyingi za namna ya Kiingereza zilitengenezwa kwa spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye uzito. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo zitaifuata. Kuweka moja leo ni kazi ya muda mfupi. Kuacha mpaka zikatike tano ni kununua gurudumu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kila mwaka, peleka kwa fundi afungue vitovu, kichwa na mahali pa pedali, aoshe gololi, atazame zilizolika, na kutia grisi mpya. Ukae naye utazame. Fundi mwema hupenda kutazamwa.

Juu ya kuziba mpira uliotoboka, kila mmoja wetu na ajifunze mwenyewe, kwa kuwa miiba haichagui mahali penye mafundi. Kwanza jaribu pale pa kujazia upepo: paka mate, ukiona mapovu, huenda ikawa ni kile kimrija chembamba cha mpira kilichooza kwa joto, nacho hubadilishwa kwa muda mfupi bila kufungua gurudumu. Kama sivyo, toa ubavu mmoja wa mpira wa nje kwa vijiko vyake au kwa mikono, usitumie bisibisi, maana yatoboa. Jaza upepo mpira wa ndani, uzamishe katika maji, utazame mapovu. Kausha, sugua kwa msasa pana kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, na ungoje mpaka isishike kidole. Hapo wengi hukosa uvumilivu, nao wanaobandika solusheni ikiwa mbichi hurudia kazi ile kesho. Bandika, kandamiza sana. Kisha, kabla ya kurudisha, pitisha vidole kwa uangalifu ndani ya mpira wa nje utafute mwiba uliotoboa. Akiachwa mwizi ndani ya nyumba, kufunga mlango hakufai kitu.

SHAURI LETU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa shauri moja. Si kila mwanachama awezaye kununua vifaa vyote. Lakini sisi sote pamoja twaweza. Twapendekeza kwamba Chama kinunue seti moja ya spana, pampu moja kubwa ya kusimama, nyundo, msasa, solusheni na kopo la grisi, viwekwe chini ya ulinzi wa Katibu na kuandikwa katika daftari. Tena Jumamosi moja ya kila mwezi wanachama walete baisikeli zao, wajuao wawafunze wasiojua, na mabibi wasiachwe nyuma katika mafunzo hayo, kwa kuwa nati haiulizi mkono ulioikaza ni wa nani. Zaidi ya hayo, mwanachama anayepata baisikeli kwa fedha za akiba yetu asiipande njia kuu kabla haijapitiwa na wenzake wawili, nao watie sahihi zao. Twajua wengine wataona ni usumbufu. Sisi twaona ni usumbufu mdogo kuliko kuchanga fedha za mazishi.

Wazee wamesema ajali haina kinga. Basi zile zisizo na kinga tumwachie Mungu. Zenye kinga, ndugu zetu, ni kazi yetu.